Faili Moja Lilitosha

Google walikosea Agosti 2021, na safu hii haitaacha kulisema. Mwezi ule ndipo kila programu mpya inayoingia Play Store ilipolazimishwa kuja kwa mfumo wa Android App Bundle, yaani AAB, badala ya APK tuliyoizoea. Wakazi wa mitaa ya mjini kama Masaki na Mikocheni, wenye Wi-Fi nyumbani na kazini, hawakuhisi chochote. Gharama yake ilikwenda kulipwa Ndalambo.

Anayeijua kata hii ya wilaya ya Momba, mkoani Songwe, anajua programu zinavyoingia. Mtu anakwenda Tunduma kwa shughuli zake, sokoni au mpakani. Huko anajiunga bando la maana na kupakua anachokitaka. Akirudi, wenzake wanamwambia "nirushie", Xender, programu ya kurushiana mafaili simu kwa simu, inafunguliwa, na jioni hiyohiyo programu iko kwenye simu za ukoo mzima. Bando la mmoja linahudumia kumi. Hakuna kilichoibwa, maana programu zenyewe ni za bure. Kilichookolewa ni fedha ya vocha. Ndivyo simu janja ilivyozoeleka vijijini, na ndivyo nyimbo na michezo ilivyosambaa enzi za kiswaswadu, kwa Bluetooth na memori kadi.

Utaratibu huo wote ulisimama juu ya jambo moja: programu ilikuwa faili moja. Kwenye Android za mwanzo, fundi aliyefika hadi /data/app alikuta com.whatsapp-1.apk, basi. Ndani yake kulikuwa na maktaba za kila aina ya prosesa, picha za kila ukubwa wa kioo na maneno ya kila lugha. Android 5.0 ya mwaka 2014 iliruhusu programu kugawanywa vipande, na Mei 2018 Google wakaitangaza AAB kwa hiari. Hadi hapo sikuwa na ugomvi nao. Aliyeona faida aligawanya, asiyeiona alibaki na APK yake. Agosti 2021 hiari ikageuzwa amri.

Tulipitie tukio lenyewe polepole. Mtengenezaji anapakia AAB kwa Google. AAB haisakiniki kwenye simu yoyote duniani. Ni malighafi tu. Seva za Google ndizo zinazoikata, zinatia saini kwa ufunguo unaotunzwa na Google wenyewe, kisha kila simu inapewa vipande vyake. Chukua simu ya huyo aliyetoka Tunduma, tuseme Infinix yenye Android ya biti 64, kioo cha nukta nyingi, lugha ya Kiingereza kama ilivyotoka dukani. Programu aliyoipakua inakaa humo kama mafaili manne: base.apk, split_config.arm64_v8a.apk, split_config.xxhdpi.apk na split_config.en.apk. La kwanza ni mwili wa programu, la pili ni maktaba za prosesa ile, la tatu ni picha za kioo kile, la nne ni maneno ya Kiingereza.

Mpokeaji ana itel ndogo ya Android Go. Simu nyingi za daraja hilo zinaendeshwa kwa biti 32 hata pale prosesa yake inapoweza 64. Kioo chake ni cha kawaida, na mwenyewe ameweka Kiswahili. Rusha base.apk peke yake: simu inakataa, au programu inafunguka na kujifunga papo hapo. Fundi akiiunganisha na kompyuta anasoma sababu: INSTALL_FAILED_MISSING_SPLIT, kipande hakipo. Rusha yote manne: simu inakataa tena, na safari hii kompyuta inasema INSTALL_FAILED_NO_MATCHING_ABIS, kwa sababu maktaba zilizokuja ni za biti 64 na simu haizijui. Mpokeaji mwenyewe haoni maneno hayo. Anaona tu kwamba programu haikusakinishwa, anafuta picha za watoto akidhani nafasi imejaa, anajaribu tena, na inakataa tena. APK ya zamani ingekaa kwenye simu zote mbili bila swali, kwa kuwa ilibeba maktaba za pande zote.

Sasa tuseme simu mbili zinafanana prosesa na programu inaingia vizuri. Bado kuna hasara, na hii ndiyo inayonichoma zaidi. Aliyerusha anatumia Kiingereza, kwa hiyo Play Store haikumpa split_config.sw.apk. Mpokeaji anafungua programu iliyotafsiriwa Kiswahili, ambayo watu walikaa wakaifanyia kazi neno kwa neno, na kila kitufe kinatoka kwa Kiingereza. Tafsiri ipo kwenye seva za Google. Kwenye simu yake haikufika. Mama wa Ndalambo anayesoma Kiswahili vizuri kabisa anaonekana hajui kutumia simu, kumbe lugha yake imekatwa kabla ya faili kumfikia. Amri hii inatufanyia hivyo huku sisi tukiendelea kujipongeza majukwaani kwa ukuaji wa lugha yetu.

Google walijitetea kwa uzito. Walisema programu inayotoka kwenye AAB ni nyepesi kwa wastani wa asilimia 15 kuliko APK yenye kila kitu, na kwa simu moja inayopakua moja kwa moja hiyo ni kazi nzuri. Lakini ifanyie hesabu kwa namna tunavyoishi. Programu ya MB 60 inashuka hadi MB 51. Watu kumi wakilazimika kupakua kila mmoja kivyake, ni MB 510. Zamani mmoja alipakua MB 60, wengine tisa wakarushiwa bila kutumia hata MB moja. Google walipiga hesabu ya simu moja. Ndalambo inapiga hesabu ya ukoo.

Wala hawawezi kusema hawakujua. Mwaka 2018, ule ule walioitangaza AAB, Google wenyewe waliongeza alama ya usalama ndani ya APK za Play Store ili programu iliyorushwa simu kwa simu bila intaneti itambulike kuwa ni halali. Walieleza kwamba wanafanya hivyo kwa ajili ya nchi ambako data ni ghali na mtandao ni wa shida. Dawa ya faili bandia ilikuwa imeshapatikana: faili moja, saini moja, ukaguzi ndani ya simu. Wakaiacha dawa hiyo ikose cha kutibu. Kitufe cha kushiriki programu walichokiweka ndani ya Play Store mwaka 2021 kilikuwa kizuri, ila hakikukupa faili la kuhifadhi kwenye memori kadi.

Amri hiyo ikazaa vurugu nyingine. Kwa kuwa vipande havibebeki kimoja kimoja, kila mtu akabuni mfuko wake: huyu .apks, huyu .xapk, huyu .apkm. Kisakinishi cha simu yenyewe hakifungui hata kimoja. Mtu analazimika kusakinisha programu ya kusakinishia programu, ambayo hajui nani kaitengeneza, na kuipa ruhusa ya kuingiza chochote. Hatari ipo na mimi siipuuzi: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Katika mazingira kama hayo unamhitaji mwananchi azoee njia moja fupi inayoeleweka. Kumzungusha kwa visakinishi vya watu baki ni kumzoesha kubonyeza "ruhusu" bila kusoma.

Wasomaji wa muda mrefu wanajua haya si malalamiko yangu ya kwanza. Android 11 ya mwaka 2020 ilipozifungia programu za mafaili mlango wa Android/data na Android/obb, niliandika kwamba mwenye simu anafanywa mpangaji ndani ya nyumba yake, na hadi leo naona hivyo. Bado pia naililia ES File Explorer ya miaka yake mizuri. Uligusa programu, ukachagua kuihifadhi, na faili likakaa kwenye backups/apps likiwa na jina na toleo lake, tayari kwa Bluetooth. Wamiliki waliiharibu kwa matangazo, na Aprili 2019 ikaondolewa Play Store. Walistahili kuondolewa. Lakini kazi ile ya kuhifadhi kwa mguso mmoja haijapata mrithi anayelingana nayo.

Nyuma zaidi kuna Nokia na faili lake la .jar. Opera Mini nzima haikufika hata MB 1, ikaingia kwenye simu za aina chungu nzima zenye vioo vidogo vya kila umbo. Wahandisi wale walikuwa na nafasi finyu kuliko yeyote leo, na bado walitoa kitu ambacho mwanafunzi aliweza kumpa mwenzake wakati wa mapumziko. Walipokosea, walikosea upande huu huu: Symbian S60 toleo la tatu lilipodai saini kwa kila programu, simu zikawa zinakataa faili zima kwa kuwa cheti kimepitwa na muda, na vijana wakajifunza kurudisha nyuma tarehe ya simu ili lipite. Sheria iliyowekwa bila kumfikiria mtumiaji ikaishia kumfundisha kuizunguka.

Kwa aliyebaki na mafaili yake, mambo machache ya kushika. Files by Google inayatenga vizuri: ingia sehemu ya programu, utaona upande wa zilizosakinishwa na upande wa mafaili ya kusakinishia. Yaliyokuja kwa Xender yako kwenye folda ya Xender, ndani yake app. Ya WhatsApp yamejificha Android/media/com.whatsapp, kwenye nyaraka. Ya kivinjari yako Download. Programu ikishaingia, faili lake la APK halihitajiki tena na kulifuta hakuidhuru. Lakini yale ya lazima yahamishie kwenye memori kadi. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Oktoba 29, 2025 ilizimwa kwa siku kadhaa. Siku kama hizo Play Store haikusaidii kitu, na faili lililo mfukoni linasakinika.

Watengenezaji wetu nao wasijifiche nyuma ya Google. Kuzuia lugha zisikatwe ni mpangilio mfupi kwenye mradi: enableSplit ya lugha iwekwe false, na Kiswahili kitasafiri ndani ya base.apk popote itakapokwenda. Kupata APK moja yenye kila kitu hakuhitaji mradi mpya. Zana ya Bundletool ina hali ya universal, na Play Console inamruhusu mwenye programu kupakua APK hiyo ikiwa imeshatiwa saini ileile ya Play Store, hivyo masasisho hayatagombana. Telegram na WhatsApp wanaweka APK kwenye tovuti zao wenyewe hadi leo. Benki, kampuni ya simu au taasisi ya umma inayotaka kuwafikia wakulima wa Momba ifanye vivyo hivyo: faili moja kwenye tovuti yake, na alama ya SHA-256 pembeni ili fundi ahakikishe halijachezewa. Asiyefanya hivyo asije kutuambia wananchi wa vijijini ni wazito kupokea teknolojia.

Na Google wana nafasi ya kujirekebisha, tena wameitengeneza wenyewe. Agosti 2025 walitangaza kwamba kila mtengenezaji, hata asiyetumia Play Store, atapaswa kujitambulisha kwao ndipo programu yake isakinike kwenye simu za Android zilizothibitishwa. Ratiba waliyotoa inaanzia Brazili, Indonesia, Singapuri na Thailandi Septemba 2026, na nchi nyingine kuanzia 2027. Nikikumbuka Symbian, mpango huo siufurahii. Lakini kama utakuja, basi hoja ya usalama dhidi ya faili moja inakufa siku hiyohiyo. Kila saini itakuwa na mwenyewe anayejulikana, na simu itaweza kuikagua bila kujali faili limetoka Play Store, Xender au memori kadi. Hawatakuwa na sababu iliyobaki ya kuwanyima watu faili la kupeana. Waweke ndani ya Play Store kitufe kimoja cha kutoa APK kamili, yenye saini, yenye prosesa zote na lugha zote, Kiswahili kikiwemo. Wakiweza kutudai vitambulisho vya watengenezaji wetu, na sisi tunaweza kuwadai hilo.