Ajabu na Ushahidi katika Museum Wormianum

Vyumba vya maajabu vya Ulaya ya karne za 16 na 17 aghalabu huzungumziwa kama chimbuko la makavazi ya leo: mamba waliokaushwa huorodheshwa, kisha mhakiki akapita. Museum Wormianum, kitabu kilichochapishwa Leiden mwaka 1655, mwaka mmoja baada ya kifo cha mwandishi wake, tabibu Ole Worm wa Copenhagen, kinadai usomaji wa namna nyingine. Hii ni matini yenye fani yake. Imegawika katika sehemu nne, yaani madini, mimea, wanyama na vitu vilivyoundwa na binadamu. Na vitu vyake, hasa vile vya ajabu, huingia kitabuni vikiwa na masimulizi: nani alikileta, nani alikiona, wanazuoni wa kale walisema nini.

Fani hiyo ndiyo inayoeleza ukinzani unaowatatiza wasomaji wengi. Mwaka 1638 Worm alithibitisha, kwa kuchunguza fuvu ambalo pembe ilikuwa ingali imeshikamana nalo, kwamba pembe zilizouzwa kwa bei ghali kama za farasi wa pembe moja zilikuwa kwa hakika meno ya narwali, nyangumi wa bahari za kaskazini. Worm huyohuyo alihifadhi yai lililosemekana kutagwa na mwanamke wa Norwe mwaka 1639. Kudai kwamba nusu yake ilikuwa ya sayansi na nusu ya ushirikina ni kuikwepa kazi ya uhakiki. Yai lilifika likiwa na hati iliyotiwa saini na watu watatu, wasaidizi wa kasisi wa parokia. Farasi wa hekaya alikuwa na sifa tele, lakini hakuwa na shahidi wa kutegemewa. Fuvu lilikuwa mbele ya macho. Msomaji anayeijua elimu ya Hadithi atautambua utaratibu huu mara moja: isnadi hupimwa kabla ya matini. (Isitoshe, Worm alipomfuta farasi hakuifuta dawa, aliendelea kuamini kwamba unga wa pembe hiyo huondoa sumu, na akaujaribu kwa wanyama.)

Hata hivyo ulinganisho huo una mpaka, na hapo ndipo kitabu kinapostahili lawama. Isnadi haikubali pengo katika mlolongo wa wapokezi. Katika mchoro mashuhuri wa chumba chenyewe, mtumbwi wa ngozi wa watu wa kaskazini unaning'inia darini, na visanduku vya rafuni vimeandikwa aina za vilivyomo; aliyeushona mtumbwi hana alama yoyote. Mashahidi wa yai wana majina yao kwa sababu walijua kutia saini.

Mchoro wenye uzito zaidi, pengine, ni wa ndege mkubwa wa baharini asiyeruka, ambaye Worm aliletewa kutoka visiwa vya Faroe akamfuga nyumbani. Mkusanyo wa Worm uliingia katika hazina ya Mfalme Frederick III. Jamii ya ndege huyo nayo imetoweka, na jozi ya mwisho inayojulikana iliuawa Aisilandi mwaka 1844. Mchoro umebaki. Shingoni mwa ndege pana ukanda mweupe usio wa maumbile ya jamii yake, na wengi wanauona kuwa ni ukosi wa kumfungia. Ikiwa ni hivyo, mchoraji aliyetakiwa kutoa ushahidi wa maumbile alitoa pia ushahidi wa kifungo, bila ya kuulizwa.