Fundi Simu na Gari Lililonyamaza

Gari la umeme linaweza kuwa zima kabisa, linatembea, linachaji, taa zote zinawaka, halafu simu ikasema hailipati. Mwenye gari akiona hivyo presha inapanda, maana ameshazoea kuiamini simu kuliko dashibodi. Kumtuliza mtu huyo, kisha kutafuta taratibu mawasiliano yamekatikia wapi, ni ufundi unaostahili heshima ile ile tunayompa fundi anayefungua injini. Nimeutazama ukifanywa Babati mjini, karibu na stendi, na kijana ambaye kibao cha kibanda chake hakitaji magari hata kidogo: simu, redio, chaja.

Babati si mahali pa kubahatisha chaji. Mji uko njia panda ya Arusha, Singida na Dodoma, na kutoka hapa hadi Arusha ni kama kilomita 170. Magari ya umeme ya Nissan Leaf ya mwanzo, yaliyoanza kuuzwa Desemba 2010 yakiwa na betri ya kilowati-saa 24, yalipopimwa Marekani yalipewa kama kilomita 117 kwa chaji moja, tena betri ikiwa mpya. Leaf ya mtumba kutoka Japani betri yake imeshachoka kiasi chake. Kwenda nayo Magugu na kurudi hakuna neno. Kupandisha nayo kutoka Dareda kuelekea Mbulu ni habari nyingine, kwa sababu ule mlima unakula chaji, na kipimo cha dashibodi kinakadiria kwa mwendo uliotoka nao tambarare. Ndiyo maana wenye Leaf wengi duniani hutumia Leaf Spy, programu isiyo ya Nissan, inayosoma betri kutoka ndani. Inakuonyesha volti za jozi 96 za seli, moja moja, na uzima wa betri kwa asilimia. Mwenye gari wa Babati akiikosa, anaendesha kwa kuomba Mungu.

Programu za watengenezaji wenyewe hupita njia ndefu. Amri inatoka kwenye simu kwa bando lako, inakwenda kwenye seva ya kampuni nje ya nchi, inarudi kwa mtandao wa simu hadi kwenye modemu iliyofichwa ndani ya gari, na modemu ndiyo inayoliamsha gari. Ni kama mzigo aliopewa kondakta wa basi la Mbulu: usipofika, itabidi uulize kila mkono uliopitia. Leaf iliyotengenezwa kwa soko la Japani ina modemu iliyoandaliwa kwa huduma za Japani, hivyo ikishushwa huku njia hiyo imekufa, na hakuna kubonyeza kutakakoifufua. Hata nchi zilizouziwa magari hayo rasmi zimefungiwa: Uingereza, mwaka 2024, Nissan ilizima huduma ya programu kwa Leaf za hadi 2016 ikitaja sababu ya kufungwa kwa mitandao ya 2G. Kijana wetu anamwambia mteja jambo hili mapema, kabla hajapokea hata shilingi. Mimi nauhesabu uaminifu huo ndani ya ufundi.

Inabaki njia fupi, ya Bluetooth, inayotumiwa na Leaf Spy. Chini ya usukani kuna soketi ya uchunguzi yenye pini 16. Unachomeka kifaa kidogo kinachotosha kiganjani, kinasoma lugha ya ndani ya gari na kuirushia simu. Njia ni fupi, lakini ndani yake mna vituo kadhaa, na uhodari wa fundi uko katika kutokiruka hata kimoja.

Mama mmoja, mwalimu, alikuja na Leaf yake ya kijivu, akiwa na mwanawe.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Gari limegoma kuongea na simu. Nimezima nimewasha, wapi!”

Simu alikuwa ameshamnyooshea. Fundi hakuipokea. Aliuliza kwanza: mara ya mwisho ilishika lini? Katikati hapo kilibadilika nini, simu, laini, au kuna mtu aliyeichezea? Gari lilikaa bila kutembea kwa muda gani? Mama akasema alikuwa safarini, gari lilikaa nyumbani wiki kadhaa, na kile kifaa kilibaki kimechomekwa. Fundi akatikisa kichwa, akatoa mita.

Wengi hawajui kwamba gari la umeme lina betri mbili. Ile kubwa, ya volti mia tatu na kitu, inazungusha mota. Ile ndogo ya volti 12, sawa na ya gari lolote, ndiyo inayoziamsha kompyuta za gari. Pini ya 16 ya soketi ile ina umeme muda wote, gari limezimwa au halijazimwa, kwa hiyo kifaa kikiachwa pale kinanyonya betri ndogo usiku na mchana. Betri ya namna hiyo ikiwa imejaa na imetulia husoma kama 12.6. Mita ikaonyesha 11.9. Akamwomba mama abonyeze kitufe cha kuwasha huku yeye ameinama, jicho kwenye taa ya kifaa. Taa ikapepesa, ikazimika, ikawaka upya. Umeme uliyumba kwa kufumba na kufumbua, na kifaa kikapoteza fahamu hapo hapo.

Akaifungia betri chaja, akaenda kumalizia kioo cha simu ya mtu mwingine. Aliporudi, kifaa kikawaka bila kuyumba. Wengi wangeshangilia na kuomba malipo. Yeye akaichukua sasa simu ya mama, akajaribu: bado. Simu inakiona kifaa, inabisha hodi, inakataliwa.

Hapa ndipo nilipomheshimu kabisa. Anatofautisha kimya na kimya. Kifaa kisipoonekana, shida iko kwenye umeme au kwenye ruhusa za simu. Kikionekana kikakataa, kuna mwingine amekishika. Kikikubali halafu namba zisije, gari lenyewe ndilo halijibu, na mara nyingi ni kwa sababu halijawashwa. Akageuka, akamwuliza yule mwana wa mama kama naye anayo Leaf Spy. Anayo, ndiye aliyekuwa akilitazama gari mama akiwa safarini. Vifaa hivi vingi huongea na simu moja tu kwa wakati, na ya mwana ilikuwa mfukoni, Bluetooth imewashwa, imeng’ang’ania. Alipoizima, zile volti za jozi 96 zikajipanga kwenye kioo cha simu ya mama, zimelingana karibu zote.

Simu zina vituko vyake pia. Android za toleo la 6 hadi la 11 zinadai ruhusa ya mahali ulipo ndipo programu iweze kutafuta vifaa vya Bluetooth. Toleo la 12 likaleta ruhusa nyingine, ya vifaa vya karibu. Mtu akigusa “kataa” kwa haraka, ameshajifungia mlango. Simu nyingine huzima programu zilizo nyuma ili kubana chaji. iPhone haivipokei vile vifaa vya Bluetooth ya zamani. Inataka vya aina mpya. Na kuna bandia: vifaa vingi vya namna hii hufuata ELM327, chipu ya kampuni ya Elm ya Kanada, ambayo ilinakiliwa mno kiasi kwamba sokoni utakuta vifaa vimeandikwa toleo la 1.5, toleo ambalo kampuni hiyo haikuwahi kulitoa. Baadhi ya nakala zinafanya kazi vizuri, nyingine hazielewi nusu ya amri. Kijana huyu anacho chake anachokiamini, anakichomeka kulinganisha, ndipo anapohukumu cha mteja.

Neno la siri halishiki. Panapohitajika kuingia kwenye akaunti, anamrudishia mwenye simu aandike mwenyewe, naye anatazama pembeni. Tahadhari hiyo ina msingi: Februari 2016 mtafiti wa Australia, Troy Hunt, alionyesha kwamba mtu akiwa na namba ya chasisi tu angeweza kuwasha kiyoyozi cha Leaf ya mwingine kwa intaneti, na Nissan ikalazimika kuisimamisha programu yake.

Pikipiki na bajaji za umeme zinaongezeka nchini, na baadhi ya betri zake zinasomwa kwa simu vilevile, kwa hiyo kazi hii itakua. Vyuo vya ufundi vya VETA vinavyofundisha umeme wa magari vingefanya jambo la maana kuwaita mafundi simu kama huyu darasani, wafundishe namna ya kuuliza kabla ya kugusa. Nasi wateja tuache ile tabia ya kusema “si umebonyeza tu”. Siku ile hakikubadilishwa kipuri hata kimoja, na mama alilipa bila kuomba apunguziwe. Ukipeleka gari lako kwa fundi wa namna hii, nawe lipa hivyo hivyo.