Kutegemea: Tumaini au Egemeo?

Ukisema "nategemea kufaulu", unatumaini. Ukisema "nategemea wazazi", unaegemea. Kitenzi ni kilekile! Na anayejibu "inategemea" anakuacha hujui lolote. Maana yake, tumaini letu liko mkononi mwa mwingine. Azimio la Arusha (1967) lilitaka kuliondoa tatizo hili kwa kuchopeka -ji-: kujitegemea. Sawa, lakini -ji- haibadiliki kwa umoja wala wingi. Ni mimi peke yangu, au sisi sote? Penina Muhando, katika tamthilia ya Nguzo Mama (1982), anatuonyesha wanawake wanaohangaika kuisimamisha nguzo, nayo haisimami, kwani kila mmoja ana lake. Kwa maoni yangu, hapo ndipo -ji- ya mmoja mmoja inaposhindwa. Nguzo hudai tutegemeane.