Saa Moja ya Mwanamfalme

Prince of Persia linakupa dakika 60. Ndani ya dakika hizo utoke shimoni, upande mpaka juu ya kasri, umshinde waziri Jaffar na umkute binti wa sultani akiwa hai. Ukifa unarudia hatua, ila saa inaendelea kwenda. Nimelicheza tena mwezi huu, toleo la DOS la mwaka 1990, kwenye kompyuta mpakato hapa Kihonda, na nililotaka kulijua kwanza ni hiyo saa: inabana yenyewe, au zamani ilitubana kwa sababu ya mgao wa umeme?

Wahakiki wa Ulaya wakiandika juu ya magemu ya kompyuta za kwanza za nyumbani, huanza na Krismasi fulani ya miaka ya 1980, ZX Spectrum au Commodore 64 sebuleni, na kaseti inayopiga makelele dakika kadhaa kabla gemu halijafunguka. Kumbukumbu hiyo sisi hatuna. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na marufuku hiyo ilidumu zaidi ya miaka kumi. Televisheni yenyewe Tanzania Bara ilisubiri mpaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Kwa hiyo magemu yaliyozaliwa kwenye Apple II yalitufikia yamechelewa na yamechanganyika: Lode Runner la 1983 ndani ya kanda za manjano za kuchomeka kwenye televisheni, Prince of Persia na Dangerous Dave kwenye kompyuta za mitumba za vyuo vya kozi ya miezi mitatu. Kwa kijana wa Mji Mpya mwaka 2003, gemu hilo lilikuwa jipya kwa kuwa lilifika jana. Ndiyo maana hamu ya utoto naiona mizani mbovu. Naliuliza gemu swali moja tu: leo, bundi lako na umeme wako vikihesabiwa, linastahili?

Prince of Persia linastahili, na sababu ni uzito. Jordan Mechner alimrekodi mdogo wake kwa video akikimbia na kuruka, kisha akachora picha baada ya picha juu ya mwili ule. Matokeo yake mwanamfalme hasimami papo hapo. Akikimbia, atahitaji hatua moja zaidi ili atulie, na hatua hiyo ndiyo inayomtupa kwenye misumari. Akianguka ghorofa mbili anaumia, tatu, amekufa. Anayeshuka kutoka Morningside msimu wa mvua, pale udongo mwekundu unapokuwa sabuni, anaijua hesabu hii kwa magoti. Nimewahi kupishana na akina mama wakishuka na matenga ya mboga kichwani kuwahi soko, wakiweka mguu upande, kisigino kwanza. Mwanamfalme naye ana hatua hiyo ya kunyata: unashikilia Shift, unasogea kidogo kidogo mpaka ukingoni. Mario hana mteremko wa namna hii. Yeye anaelea.

Sasa mabaya yake. Baada ya hatua ya kwanza toleo hili linakuingiza katika chumba kilichojaa chupa, kila moja na herufi yake, na kukuagiza utafute neno kwenye ukurasa fulani wa kitabu cha maelekezo. Ulikuwa mtego wa kuwakamata wenye nakala za wizi. Morogoro nzima sidhani kama kulikuwa na kitabu hicho. Tulikunywa kwa kubahatisha, na kila kosa tulililipa kwa uhai. Kitabuni humo pia ndimo ilimokuwa siri ya Ctrl na G, inayohifadhi mchezo kuanzia hatua ya tatu. Bila siri hiyo, mwaka 2006, mabwawa ya Mtera na Kidatu yalipokauka na umeme ukawa wa zamu, dakika 60 mfululizo zilikuwa ndoto. Nimecheza safari hii nikiwa na Ctrl na G na betri iliyojaa. Saa inabana bado. Basi ni ya gemu lenyewe, na ni nzuri.

Kilicho bora kuliko vyote ni kivuli. Kumbukumbu ya Apple II ilikuwa imejaa, na Mechner hakuwa na nafasi ya kuchora adui mwingine. Akachukua picha zilezile za mwanamfalme, akazilaza juu yake zenyewe zikiwa zimesogea nukta moja, na vilivyolingana vikafutika. Kikabaki kiwiliwili kinachometameta. Kivuli hicho kinatoka kwenye kioo unapokiruka, kinakunywia dawa yako, kinakufungia mlango. Mwishoni mnakutana kwa panga, na kila jeraha unalompa linakuuma wewe. Unatakiwa urudishe upanga alani na utembee kumwingia. Hakuna maandishi yanayokuambia. Sijui magemu mengi ya leo, yenye uwezo mara maelfu, yanayothubutu kunyamaza hivyo.

Hadithi iliyoyazunguka haya ni nyepesi. Tuliokulia Alfu Lela Ulela kwa Kiswahili tunamjua Jaafar kuwa waziri wa Harun Rashid, mwenzake wa matembezi ya usiku. Huyu mwovu ametoka sinema za Uingereza na Hollywood, hasa The Thief of Bagdad ya 1940. Binti wa sultani naye kazi yake ni kungoja, isipokuwa mara moja anapomtuma panya akubonyezee kigae ufunguliwe lango. Panya ana sehemu kubwa kuliko yeye.

Dangerous Dave la John Romero halinichukui muda. Ni kichekesho cha dakika kumi, na liishie hapo.

Lode Runner la Douglas E. Smith ndilo lililonishangaza. Mtu mdogo, ngazi, dhahabu, walinzi. Silaha yako ni kuchimba: shimo kushoto au kulia, mlinzi anatumbukia, unapita juu ya kichwa chake. Kisha shimo linajifukia. Ukiwa ndani, umekwisha. Katika milima hii kuchimba si neno jepesi. Miaka ya 1950 Waluguru walilazimishwa na wakoloni kukata matuta ya ngazi kwenye miteremko, kazi ngumu iliyoufukua udongo usiozaa, na mwaka 1955 Matombo ikalipuka kwa hasira. Sidai Smith aliliwaza hilo. Ila gemu lake linaelewa kwamba ardhi haikai ulivyoiacha, na anayechimba bila kupanga njia ya kutokea huzikwa na kazi yake.

Lina hatua 150, na pia lina ukurasa wa kuchora hatua zako mwenyewe. Kwenye zile kanda nakumbuka walinzi na dhahabu tu. Kuchora sikuwahi kuona mtu akifanya. Nimechora moja: ngazi ndefu kama njia ya Bondwa, dhahabu juu kabisa penye minara ya mawasiliano, walinzi wanne chini. Nimeijaribu mara kumi na moja. Walinzi wananifikia kabla ya ngazi ya tatu.