Neno "Karantini" katika Kauli za Viongozi wa Kenya, 2020

Kauli ya kiongozi wakati wa maradhi hupimwa kwa vipimo viwili: kueleweka na kuaminiwa. Ni desturi kukihakiki kile cha kwanza na kukiacha cha pili, ilhali neno laweza kueleweka barabara na papo hapo likawafukuza wale lililokusudiwa kuwaokoa. Hayo ndiyo yaliyolipata neno "karantini".

Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini Kenya tarehe 13 Machi 2020. Msamiati mwingi ukaenea kwa siku chache. "Barakoa", lililojulikana Pwani kama kifuniko cha uso cha wanawake, lilipanuliwa maana bila taabu. "Karantini" nalo halikuwa geni. Wafugaji walilijua kutokana na amri ya kuzuia mifugo isihamishwe pindi uingiapo ugonjwa wa miguu na midomo. Lakini katika matumizi hayo anayewekwa karantini ni mnyama, naye hana kauli.

Hapana budi basi kuvitazama vitenzi vinavyoandamana na neno hili. "Kujitenga" ni kitenzi cha kujirejea: mtendaji ni mgonjwa mwenyewe, naye hutenda kwa kuwajali wenziwe. "Kutiwa karantini" ni kauli ya kutendwa, na kitenzi "kutiwa" kimezoeana na pingu na mbaroni. Matendo ya serikali yalikazia maana hiyo ya pili. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, na mnamo Aprili ikatangazwa kwamba wanaoivunja watapelekwa karantini. Isitoshe, waliowekwa humo kwa lazima walidaiwa gharama za kukaa kwao, hadi serikali ilipokubali kuzibeba mwezi Mei. Kwa msikilizaji wa kawaida, neno la tiba lilikuwa sasa ni kifungo chenye faini.

Yawezekana kudai kwamba hofu ndiyo iliyotakiwa, kwa kuwa nasaha peke yake haikutosha. Hoja hii ina uzito kuhusu mvunja kafyu. Hata hivyo, mwenye homa alilisikia neno lilo hilo. Ikiwa kupimwa huleta karantini, na karantini ni adhabu, basi kupimwa ni kujishtaki. Wahenga walionya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa kiongozi alimpa mgonjwa sababu ya kuyaficha.

Kosa hili si la Kiswahili, kwani lugha ilikuwa na maneno ya kutosha kuitenga sheria na tiba. Lingeweza kuepukwa kwa kumwachia mgonjwa "kujitenga" na kumwachia mhalifu msamiati wa mahakama. Kwa wanaisimu, funzo ni kwamba kazi ya istilahi haiishi neno linapoundwa au kukopwa. Yafaa neno lifuatwe hadi barazani na kituoni, ionekane linaandamana na vitenzi gani na linamtisha nani.