Nyekundu kwa Wino wa Kijani

Usisome neno, taja rangi ya wino. Amri ni hiyo moja tu. Mbele yako pameandikwa NYEKUNDU kwa wino wa kijani, na unatakiwa useme "kijani". Mdomo unafunguka, kinachotoka ni "nye...", halafu unajirudi. Wengi tumeuona mchezo huu ukizunguka kwenye simu, umebandikwa maneno ya uchokozi: jipime akili yako, wengi hushindwa. Kila ukinipitia najiuliza kama aliyeusambaza anajua anachopima. Siamini kwamba ni akili. Hata huo umakini tunaoulilia siku hizi, tukiisingizia simu kila kitu, sidhani ndio unaopimwa kwanza.

Aliyeutunga ni John Ridley Stroop, Mmarekani, akauchapisha mwaka wa 1935 kutokana na tasnifu yake ya udaktari katika chuo cha George Peabody, Nashville. Maandishi yake ni makavu kama dagaa. Kurasa zimejaa majedwali, hamna utani, hamna majigambo, na baadaye mwenyewe aliiacha saikolojia akaishia kufundisha Biblia. Majaribio yake yalikuwa matatu, lakini watu hukumbuka la pili tu. Wanafunzi 100 walitaja rangi za viraba 100, na wastani wao ukawa kama sekunde 63. Walipotaja wino wa maneno 100 yasiyolingana na wino wake, wastani ukapanda hadi sekunde 110. Karibu robo tatu ya muda imeongezeka, na rangi ni zile zile tano.

Mimi napenda la kwanza, lile ambalo hakuna anayelisambaza. Humo amri iligeuzwa: soma neno, wino usikuhusu. Wasomaji walichelewa kwa sekunde mbili na kitu katika maneno 100, tofauti ambayo Stroop mwenyewe hakuitilia uzito. Kwa hivyo neno linaikanyaga rangi, lakini rangi hailikanyagi neno. Kisha katika la tatu akawafanyisha watu mazoezi ya kutaja rangi kwa siku kadhaa. Kujikwaa kukapungua, na kwa muda mfupi rangi nazo zikaanza kulisumbua neno. Hapo ndipo ukavu wake unapolipa. Bila kupiga kelele ametuonyesha kwamba chanzo ni mazoea: umesoma maelfu ya saa tangu darasa la kwanza, na hakuna aliyewahi kukukalisha ukataja rangi za vitu kwa maelfu ya saa.

Ukifika hapo, kipimo kinabadilika sura. Anayejikwaa ni yule aliyesoma hadi kusoma kukawa hakumwombi ruhusa. Mtoto asiyejua herufi anapita hapo bila kutetereka, kwa sababu kwake NYEKUNDU ni mikwaruzo ya kijani tu. Basi tukimpa huyo mtoto alama za juu za umakini, tutakuwa tumempongeza kwa kutojua kusoma.

Nilitaka kulijaribu jambo hili kwa Kiswahili, nyumbani, Msambweni. Nilikata kadibodi ya boksi la biskuti, nikanunua kalamu za rangi dukani, nikakaa barazani kuandika. Dakika tano hazijaisha nimekwama, kwa sababu nakala tunazozipata ni za Kiingereza na zimetulia katika Kiingereza chao. Kwanza, niandike nyekundu, au jekundu, au chekundu? Katika rangi zetu, eupe, eusi na ekundu huvaa nguo ya kitu zinachokisifu: kitambaa chekundu, ua jekundu, mtu mwekundu. Ukimwonyesha mtu kiraba ukamwuliza, inabidi kichwani achague kwanza anasifu nini. Nikaamua "nyekundu", kwa kuwa swali lilikuwa "rangi gani?" Lakini manjano haivai chochote. Ni ile ile bizari ya jikoni. Kijani ni jani, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda tulilokuwa tukilila hadi ulimi ukageuka. Buluu tumeazima, samawati pia tumeazima, kutoka mbingu za Waarabu.

Pili, urefu. "Red" ni pigo moja la ulimi. "Nyekundu" ni mapigo matatu, "zambarau" manne. Ukichukua sekunde za Nashville ukazilinganisha na sekunde za Msambweni, utakuwa unalinganisha urefu wa maneno, na kuna mtu mahali atakayeandika kwamba Wadigo ni wazito wa kufikiri. Wala si dhihaka. Alexander Luria, bingwa wa Kisovieti, alikwenda Uzbekistan miaka ya 1931 na 1932 na mafundo ya nyuzi za rangi. Wanawake wasiosoma walizitaja kwa majina ya vitu, vitu vya shambani na vya zizini. Luria aliona hapo fikra ambayo haijapanda kutoka kwenye kitu hadi kwenye dhana. Sijui angetuandikiaje sisi wa bizari na kahawa. Na Mwingereza mwenye "orange" yake ambayo ni chungwa, mbona hakuna anayemwuliza?

Aliyejaribiwa kwanza alikuwa mpwa wangu wa gredi ya nne. Nyumbani anaongea Kidigo, na shuleni Kiswahili na Kiingereza vinagombania ulimi wake. Kadi ya Kiswahili aliipita haraka kuliko nilivyotarajia, ila majibu yake yalitoka "green", "blue", "red". Nikamwambia, kwa Kiswahili baba. Akaanza upya, na hapo ndipo alipopigwa kumbo kutoka pande mbili: jicho linasoma neno la Kiswahili, ulimi unavuta rangi ya Kiingereza, na mimi nimesimama na saa ya simu kama askari wa trafiki. Akaitupa kadi. "Mjomba, huu mchezo wako ni wa uongo." Kama mhakiki, sijasikia hukumu fupi zaidi ya hiyo.

Nimelileta Msambweni kwa sababu nyingine pia. Kati ya 2010 na 2012 utafiti mkubwa uliopima umakini wa watoto ulifanyika hapa hapa, katika shule 101 za msingi za serikali za Kwale na Msambweni, kwa watoto 5,233 wa darasa la kwanza na la tano. Ripoti yake ilitoka 2014, jina la kwanza likiwa la Katherine Halliday. Swali lilikuwa zuri: watoto wakipimwa malaria kila muhula na wenye vimelea wakapewa dawa, je, damu na umakini wao vitaimarika? Baada ya miezi 24 jibu likawa hapana. Upungufu wa damu haukupungua, maambukizi hayakupungua, umakini haukusogea. Ripoti inalisema hilo bila kulifunika, na kwa hilo naipa heshima. Ila msomaji asikimbie kusema kwamba malaria haigusi umakini. Ikiwa maambukizi yenyewe hayakushuka, swali hilo halikupata nafasi ya kujibiwa. Uganda, watoto waliopona malaria ya ubongo katika hospitali ya Mulago walifuatiliwa, na miaka miwili baadaye upungufu ulionekana zaidi kwenye umakini.

Kinachonishika zaidi ni vyombo vilivyotumika. Darasa la tano walisikiliza mfululizo wa tarakimu, na zikitokea tano mbili zikifuatana, waandike tarakimu iliyotangulia. Kazi ya kuchosha makusudi, na mtoto aliyewahi kukaa chini ya bati la Msambweni saa nane mchana hahitaji kuongezewa uchovu. Darasa la kwanza walipewa kipimo cha kugonga kwa penseli. Kwa kawaida kinakwenda hivi: mpimaji akigonga mara moja, wewe gonga mara mbili, akigonga mbili, gonga moja. Ni ndugu wa kadi ya Stroop asiye na herufi. Mkono unataka kuiga, na wewe unatakiwa kuuzuia.

Walifanya vizuri kukwepa herufi. Lakini jamani, kumbukeni darasa la kwanza lenyewe. Mwalimu: "A!" Darasa: "A!" Mwalimu: "Ba!" Darasa zima: "Ba!" Kuiga ndiko kulikotuingiza shuleni, na aliyeitikia kwa sauti ndiye aliyesifiwa. Halafu anakuja mgeni mwenye penseli anataka kinyume: nikifanya moja, usifanye moja. Mtoto anayemfuata mgeni pigo kwa pigo pengine amezingatia sana. Amezingatia mafunzo ya shule yake. Wale wanaosema watoto wa huku "hawamakiniki" wangeanzia hapo. Makini kwa wazee wetu ni utulivu, mtu aliyekaa akakaa. Haikuwa mbio za kukosana na mkono wako.

Mradi ule ule ulikuwa na upande wa pili, ambao haukuzungumzwa nusu ya ilivyostahili. Katika nusu ya shule, walimu wa darasa la kwanza walipewa mafunzo ya kufundisha kusoma, na kila wiki ujumbe mfupi kwenye simu wa kuwakumbusha na kuwatia moyo. Watoto wao wakasoma vizuri zaidi. Tena walioacha shule walikuwa asilimia 2.1, dhidi ya 5.3 katika shule nyingine. Simu hiyo hiyo tunayoilaani, katika mkono wa mwalimu. Vipimo vyao vya kusoma vilikuwa vya Kiswahili na Kiingereza, herufi za Kizungu.

Herufi ndizo zilizonipeleka kwa nyanya. Hakuwahi kukanyaga shule, na fomu zote anazojaziwa zinasema hajui kusoma. Nikampa kadi ya Kiswahili. Akaiweka mbali kidogo na macho akataja wino mmoja baada ya mwingine, kijani, nyekundu, buluu, bila kukwama hata pamoja, akaniuliza kama ni hayo tu niliyosomea Nairobi. Kesho yake nikaandika kadi nyingine. Maneno ni yale yale, kalamu ni zile zile, ila kwa herufi za Kiarabu, nikatia irabu zote, kwa sababu nyanya alihitimu chuo, msahafu anausoma kila alfajiri.

Akaanza, "kijani". La pili akalitazama. Lilikuwa limeandikwa manjano kwa wino mwekundu. "Ma..." akasema, akanyamaza, akacheka kwa aibu, akaziba mdomo na ncha ya leso. La tatu hivyo hivyo. Nilisahau kuiwasha saa.

Alipofika kwenye zambarau hakutaja rangi kabisa. Alinipokonya kadi, akaomba kalamu, akanionyesha mahali nilipoiacha nukta ya zei.