Jeni za kuhimili nagana: zilivyosakwa kwa wajukuu

Ng'ombe wa N'Dama wa Afrika Magharibi huumwa na mbung'o, akaambukizwa vimelea vya ugonjwa wa nagana, na bado akaendelea kulisha. Boran wa Kenya akipata vimelea vilevile damu humwishia, akakonda, na asipotibiwa aghalabu hufa. Tofauti hiyo imekaa kwenye kromosomu zipi? Olivier Hanotte na wenzake, kazi yao ikiwa na kitovu ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, jijini Nairobi, walichapisha jibu lao mwaka 2003.

Walizalisha chotara wa N'Dama na Boran. Chotara wa kwanza hawana la kukueleza: kwa kila jeni, kila mmoja amebeba nakala moja ya N'Dama na moja ya Boran, kwa hiyo hakuna cha kulinganisha. Wakizaa wao kwa wao ndipo mambo huchangamka. Mjukuu mmoja hupata nakala mbili za N'Dama mahali fulani, mwingine mbili za Boran, mwingine moja moja.

Wajukuu 177 waliambukizwa Trypanosoma congolense, kimelea cha nagana, wakapimwa damu, uzito na wingi wa vimelea. DNA yao, ya wazazi na ya mababu zao ilisomwa kwenye alama 477 katika kromosomu zote 29 zisizo za jinsia. Penye kila alama swali ni lilelile: je, wenye nakala za N'Dama hapa wamehimili kuliko wenzao? Kama ndiyo, jeni inayohusika iko jirani.

Dalili zilijitokeza kwenye kromosomu kumi na nane kati ya hizo 29. Lililonivutia zaidi ni hili: katika maeneo tisa uhimilivu ulitoka kwa N'Dama, lakini katika matano ulitoka kwa Boran, huyohuyo tunayemwita dhaifu! Ukiwalinganisha N'Dama na Boran wenyewe tu, hilo hulioni kamwe.

Utafiti huu una udhaifu wake. Kipimo chao kiliruhusu hadi dalili moja kati ya tano iwe ya kubahatisha, na wanyama 177 ni wachache: unaonyeshwa mtaa, nyumba huijui. Mwaka 2011 Harry Noyes na wenzake waliongeza ushahidi wa jinsi jeni zinavyofanya kazi wakati wa maambukizi, wakazitaja ARHGAP15 ya kromosomu 2 na TICAM1 ya kromosomu 7. Hizo nazo ni washukiwa tu.

Kinadharia, ng'ombe mwenye kinga za pande zote mbili angewazidi mababu zake wote. Ila mfugaji atakayemtafuta itambidi afuatilie maeneo mengi kwa mpigo, na ndama mmoja huchukua miaka kabla hajazaa.